Kimo, Hakimo

Nyumbani
4 Februari

Shemeji yangu, Mama Sungura,

Naanza na salamu, maana nikiziruka dada yako atajua, na atanichapia hati ya mashtaka. Hatujambo. Neno hilo nimelizungusha kichwani kabla ya kuliandika, nikaona lipite tu.

Wamemfungua kichwa Jumanne. Ametoka salama. Ana mshono kutoka juu ya sikio mpaka karibu na paji la uso, na nywele zimenyolewa upande mmoja. Yeye analalamika kwamba kinyozi wa hospitali ni mvivu, bora angemaliza kazi. Anaongea. Ila maneno mengine yanamkimbia. Kijiko anakiita "kile cha kuchotea," na mimi jana aliniita "huyu wa magari" mbele ya muuguzi. Nikamwambia muuguzi, "Hajakosea, mimi ni mwalimu wa udereva." Tukacheka wote watatu. Mkono wa kulia una ganzi. Anaweza kuuinua, lakini anasema ni kama mkono wa mtu mwingine aliyemwomba amshikie kidogo, halafu asirudi. Kwa mtu ambaye riziki yake ni kuchapa hukumu za mahakama, hilo tumelipita kimyakimya.

Sasa sikiliza. Daktari aliyempasua anasema uvimbe hakuutoa wote, kuna sehemu imejishika pabaya. Kuna vidonge vya kuua kilichobaki, lakini ni vikali, vinatapisha, vinamaliza nguvu, na si kila mgonjwa vinamsaidia. Kwa hiyo kabla ya kumpa anataka kile kipande alichokitoa kipimwe. Nikamuuliza kinapimwa wapi. Akataja maabara yenu! Nikamwambia mdogo wa mgonjwa ndiye anayefanya kazi huko na sungura wake. Akadhani natania.

Kipande kinakuja kwenye sanduku la barafu. Mnatafuta nini humo? Daktari alieleza, lakini mimi nilikuwa namtazama midomo tu, maneno hayakuingia. Niandikie kwa lugha ya watu wa gereji. Simu ya jirani imekatwa tena, hivyo tuvumiliane na posta.

Dada yako anakusalimu. Angeandika mwenyewe, ila ndiyo hivyo.

Shemeji yako,
Breki


Maabara
17 Februari

Shemeji,

Sanduku limefika. Juu lilikuwa na namba, halikuwa na jina, lakini tarehe na hospitali vilinitosha.

Nilimwomba mkuu wa maabara ampe kazi hii mtu mwingine. Akasema mwenzangu yuko likizo ya uzazi, na waliobaki hawaijui. Hakusema kwa ubaya. Nikavaa glavu.

Umeuliza tunatafuta nini. Ndani ya kila seli kuna DNA, yale maelekezo ambayo mwili unayafuata ili uendelee kuwa mwili. DNA inaharibika kila siku, kwa watu wote, na kuna vimeng'enya vinavyopita kuirekebisha. Kimoja kati ya hivyo ndicho ninachokifanyia kazi tangu niondoke nyumbani. Nataka kujua kama kimo kwenye kile kipande au hakimo.

Hakionekani kwa macho, hata kwa hadubini. Kwa hiyo tulimdunga sungura kimeng'enya hicho. Mwili wa sungura ukakiona ni mgeni, ukatengeneza kingamwili za kukikamata. Tukamtoa damu kidogo, tukaichuja, tukabaki na seramu. Kingamwili zilizo ndani ya seramu si za aina moja. Ni kundi zima, na kila moja inakishika pake, kama watu waliomkamata mwizi sokoni: huyu kashika shati, huyu mkono, huyu mguu. Tunaimwaga juu ya kipande chembamba cha nyama, kisha tunaweka dawa ya rangi. Palipo na kimeng'enya panageuka kahawia. Pasipo nacho hapageuki.

Daktari ataamua kuhusu vidonge kulingana na jibu. Yeye atawaeleza vizuri kuliko mimi.

Leo nimekikata. Tunaizamisha nyama kwenye nta ili iwe ngumu, kisha mashine inaichonga utando mwembamba sana, utando unaelea juu ya maji ya uvuguvugu, nawe unauopoa kwa kioo. Nimeopoa utando baada ya utando kama siku yoyote ile. Mchana nilikula, sikumbuki nilikula nini.

Mwambie dada namsalimu. Usimwambie kwamba ni mimi niliyekata.

Shemeji yako


Maabara
1 Machi

Shemeji,

Kimo. Seli zote za uvimbe zimegeuka kahawia. Ripoti nimeituma kwa daktari. Nendeni mkamwone awaeleze maana yake.

Samahani, sina maneno zaidi leo.

Shemeji yako


Nyumbani
15 Machi

Mama Sungura, mleta heri!

Barua yako niliifungua nikiwa ndani ya gari, mwanafunzi kashika usukani. Nilipoliona lile neno la kwanza nilipiga ukelele, naye masikini akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Wa nyuma yetu alitutukana matusi ambayo siwezi kuyaandika, na mimi nikamwambia mwanafunzi, "Leo umefaulu." Hakufaulu hata kidogo, lakini ndivyo nilivyojisikia.

Kimo! Fundi yumo! Nilimsomea dada yako ile barua ya sungura na mwizi, nikaruka pale uliponiambia niruke, kisha nikamsomea hii fupi. Aliposikia kwamba seli zote zinacho, alifumba macho. Kisha akasema, "Kumbe najirekebisha mwenyewe." Shemeji, sijawahi kusikia sentensi tamu kama hiyo. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa wetu unazibwa kutoka ndani, bila kununua saruji.

Ile samahani yako ya mwisho mimi ilinisumbua kidogo, lakini yeye alicheka. Akasema, "Huyo analia kwa furaha. Namjua. Tangu mtoto, akifurahi sana anakuwa bubu."

Daktari hatujamwona. Tulikwenda, tukaambiwa amesafiri, na aliyeshika nafasi yake akatupa tarehe ya mbele. Dada yako akasema, ya nini kwenda kubanana kwenye benchi na wagonjwa wakati jibu tunalo? Amerudi kazini, asubuhi tu. Anachapa kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja. Hakimu anamvumilia. Jioni anaimba jikoni. Nyimbo anakosea maneno, lakini hata zamani alikuwa anakosea.

Mpe huyo sungura majani mazuri, mwambie yametoka kwangu.

Breki


Maabara
31 Machi
(Barua hii haikufika posta.)

Shemeji,

Hukunielewa. Si kosa lako. Mimi ndiye niliyeandika neno moja na kuliacha peke yake njiani.

Vidonge vile vinaua uvimbe kwa kuharibu DNA yake. Uvimbe wenye kimeng'enya hiki unarekebisha kila kinachovunjwa na vidonge. Fundi yumo, ndiyo, ila bosi wake ni uvimbe. Dada hafanyiwi kazi yoyote. Kimo maana yake vidonge havitafaa kitu. Kimo maana yake daktari atawaambia rudini nyumbani mkakae pamoja. Nilipokuandikia kimo, nilikuwa nakuambia kwamba dada anaondoka.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama karibu na friza. Uliposema anaimba jikoni nilisubiri nilie. Nilisubiri sana. Mwishowe nikaosha vyombo vya maabara ambavyo vilikuwa tayari visafi.

Sijui jinsi ya kuichukua furaha kutoka mikononi mwa mtu. Hatukufundishwa.


Maabara
2 Aprili

Shemeji,

Barua imefika. Nimefurahi kusikia anaimba.

Tafadhali mkamwone daktari hata kama anajisikia vizuri. Tarehe mliyopewa isipite.

Huku nakirudia kile kipimo. Usiogope. Nimeona kwamba seramu yangu inatia kahawia kidogo hata mahali ambapo haipaswi. Unakumbuka lile kundi la watu waliomkamata mwizi? Katika kundi kubwa wapo wanaomjua mwizi, na wapo waliokimbia kwa sababu wameona wenzao wanakimbia, wakamshika mpita njia. Inabidi niwachambue. Kazi hiyo ni ya polepole.

Msalimu. Mwambie apumzishe mkono.

Shemeji yako


Nyumbani
28 Aprili

Shemeji,

Tumepokea salamu. Chambua tu, sisi hatuna haraka.

Ile tarehe ya daktari imepita. Usinigombeze. Siku hiyo mahakamani kulikuwa na kesi ya watu wengi na dada yako akasema hawezi kumwachia hakimu karatasi zote zile. Nilimbembeleza. Akaniuliza, "Wewe ukiwa na gari linalojitengeneza lenyewe utalipeleka gereji?" Mimi kama mwalimu wa udereva nikarudisha ufunguo mfukoni.

Kichwa kimeanza kumuuma tena asubuhi. Anasema huyo ni fundi anagonga nyundo, tumwache afanye kazi yake. Juzi alimwaga chai mezani na hakujua kwamba kikombe kimelala. Nilikisimamisha, nikafuta, tukaendelea na mazungumzo. Mambo madogo.

Nataka kukuuliza jambo, usinicheke. Kuna chakula chochote kinachokiongezea nguvu hicho kimeng'enya? Kama kipo niambie, hata kiwe kichungu, nitamlazimisha.

Breki


Maabara
12 Mei

Shemeji,

Jibu la kwanza halikuwa sahihi. Kosa ni langu.

Kilikuwa kimebaki kipande kidogo kwenye friza. Nilikisaga, nikavitenganisha vilivyomo kwa umeme, vidogo chini, vikubwa juu, kisha nikapitisha seramu ileile. Kimeng'enya chetu kina mahali pake pa kusimama kulingana na ukubwa wake. Mahali hapo palikuwa patupu. Mstari ulitokea juu zaidi. Ni kitu kingine kabisa, kikubwa zaidi, ambacho seramu ya sungura ilikuwa inakishika kwa kukifananisha. Ndicho kilichonipa kahawia yote ile mwezi wa Machi.

Nikaichuja seramu, nikabakisha zile kingamwili zinazokijua kimeng'enya peke yake, nikarudia kwenye utando mpya. Kuta za mishipa midogo ya damu ziligeuka kahawia, kwa hiyo kipimo kinafanya kazi. Seli za uvimbe hazikugeuka hata moja. Nimerudia tena, na mkuu wa maabara ameangalia kwa macho yake.

Hakimo. Ripoti mpya nimeituma hospitali. Mpeleke haraka, aanze vidonge mara moja. Usichelewe hata siku moja.

Shemeji yako


Nyumbani
1 Juni

Shemeji,

Barua yako imenifikia. Nimeisoma mara nyingi, nikaikunja, nikaiweka chini ya kiti cha gari, upande wa mwalimu.

Nimeelewa. Hukuhitaji kuandika zaidi. Hakimo, na umeniambia nikimbie. Mtu haambiwi akimbie kama nyuma yake hakuna kitu.

Sijamwambia. Naomba na wewe usimwambie. Hospitali nao wameleta karatasi ya kumwita, mara mbili, na zote nimezipokea mimi mlangoni. Shemeji, nilikuwapo siku daktari alipoeleza vile vidonge. Alisema vinatapisha mpaka mtu anakosa nguvu ya kushika beseni. Kama mwili wake hauna cha kujirekebishia, kwa nini nimpe sumu juu ya ugonjwa? Ili iweje? Ili siku alizobaki nazo azimalize ameinama?

Bado anaamini anapona. Nimeamua abaki na hilo. Ameacha kuimba, lakini ni kwa sababu ya kichwa. Jana alinishika mkono kwa ule wa ganzi, akaniuliza kama anaushika kwa nguvu au polepole, maana yeye hajui. Nikamwambia kwa nguvu.

Wanafunzi wangu wanasema siku hizi siwagombezi. Mmoja alipita kwenye taa nyekundu na mimi nimekaa pembeni yake kama mzigo. Sikuona hasira, sikuona hofu. Nikamwambia, "Endelea."

Usinifikirie vibaya. Ningekuwa na cha kufanya ningefanya.

Breki


Maabara
14 Juni

Kwa dada yangu, mkononi mwake, ofisi ya wachapaji, mahakamani.

Dada,

Naomba uisome barua hii peke yako, kisha uende hospitali leo, kabla hujarudi nyumbani. Ukimaliza kuisoma utakuwa na haki ya kunichukia, lakini kwanza nenda.

Mimi ndiye niliyekikata kipande chako na kukipima. Nimekuwa nikimwandikia mumeo tangu Februari. Vidonge alivyotaja daktari vinaua uvimbe kwa kuiharibu DNA ya uvimbe. Kuna kimeng'enya kinachorekebisha uharibifu huo. Kikiwamo kwenye uvimbe, uvimbe unajitengeneza na vidonge vinashindwa. Kisipokuwamo, uvimbe hauna wa kuurekebisha na vidonge vinauvunja. Kwa hiyo, dada, katika uvimbe wako kuwamo kwake ni habari mbaya, na kutokuwamo ndiyo habari nzuri.

Mwezi wa Machi nilisema kimo. Ilikuwa ni habari mbaya kuliko zote, nanyi mkaisherehekea, na mimi nikawaacha. Niliandika barua ya kuwaeleza. Sikuituma. Mwezi wa Mei nikagundua kwamba nilikosea: seramu ilikuwa imeshika kitu kingine. Hakimo. Nikaandika "mpeleke haraka" bila kusema kwa nini, kwa sababu kusema kwa nini kungenilazimu kukiri kwamba niliwatazama mkifurahia msiba. Mumeo akaisoma kama hukumu. Alikuficha, na alikuficha kwa sababu yangu. Hakujua kwamba alichokificha ni dawa.

Vidonge vinaweza kukusaidia. Sisemi vitakuponya. Nasema una nafasi ambayo kila mtu amekaa juu yake, mimi nikiwa wa kwanza.

Sina machozi, dada. Nisingependa udhani nimeandika haya nikilia. Nimeandika nikiwa mkavu kama karatasi hii, na hilo nalo linanitisha.

Nenda sasa.

Mdogo wako


Mahakamani
27 Juni

Mdogo wangu,

Nachapa kwa mkono mmoja, kwa hiyo makosa utayavumilia.

Karani alinikabidhi barua yako nikiwa katikati ya hukumu ya mtu aliyeuza shamba la kaka yake. Niliisoma. Nikamaliza kwanza kuichapa ile hukumu, maana yule mtu alikuwa anasubiri nje. Kisha nikachukua mkoba nikaenda hospitali.

Daktari alikuwapo. Alisema, "Mama, tumekuita mara mbili." Nikamwambia, "Nimesikia leo." Wamenipiga picha ya kichwa. Uvimbe umekua. Angeniona Mei, amesema, angekuwa na kazi ndogo zaidi. Hakusema kwa kunilaumu, lakini niliona anatafuta mtu wa kumlaumu, na mimi sikumpa jina. Nimeanza vidonge jioni ileile. Ni kweli vinatapisha. Beseni naweza kulishika.

Nilipofika nyumbani niliiweka barua yako mezani mbele ya mume wangu. Aliisoma mpaka mwisho. Aliketi chini, sakafuni kabisa, na kiti kipo. Akasema, "Nilidhani nakupunguzia." Nikamwambia, "Ulinipunguzia, kweli."

Sasa nikuambie wewe. Methali inasema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali haikumfikiria mtu anayefichiwa maradhi yake mwenyewe. Miaka yote hii nachapa hukumu za wezi, wauaji, watu waliochoma nyumba zenye watoto ndani. Hata mmoja wao hakuhukumiwa nyuma ya mlango. Kila mmoja alisimama pale, akasomewa kwa sauti, akaulizwa kama ameelewa. Ninyi mliandikiana juu yangu tangu Februari, huyu kwa mapenzi, huyu kwa aibu, na mimi nilikuwa nikisomewa vipande. Na kila niliposikia habari zangu nilikuwa nazisikia kinyume. Sijui kipi kizito, mapenzi yake au aibu yako. Sijavipima.

Unasema nina haki ya kukuchukia. Sina nguvu ya kuchukia mtu, nguvu zangu zote zinakwenda kwenye beseni. Labda baadaye.

Kuanzia leo barua zije kwa jina langu.

Dada yako


Nyumbani
20 Agosti

Shemeji,

Dada yako ameniruhusu kuandika. Ameisoma barua hii kabla sijaifunga, kwa hiyo usitafute siri humu.

Amemaliza duru ya kwanza ya vidonge, na ya pili imeanza juzi. Amekonda. Nguo zake za kazi nimezipeleka kwa fundi cherehani zikabanwe. Maneno yamerudi kidogo: kijiko sasa ni kijiko. Mkono bado.

Kila karatasi inayotoka hospitali naisoma mezani kwa sauti, yeye amekaa mbele yangu. Ndivyo alivyoamua. Nikifika kwenye neno nisilolielewa haniruhusu kulikisia. Tunaliandika pembeni, tunampelekea daktari. Daktari ameanza kutuogopa. Juzi niliposoma kwamba damu yake imeshuka, nilitaka kuikunja karatasi, akaniambia, "Soma tu, haikuhusu wewe." Nikasoma.

Watu wananiuliza nyumbani hali ikoje. Nawajibu, tupo. Asubuhi naamka, namtengenezea uji, nafundisha watu kurudi nyuma bila kugonga ukuta, jioni narudi. Sijisikii vibaya na sijisikii vizuri. Kama mtu angenikata kidole leo, nadhani ningemuuliza kama amemaliza.

Sikulaumu, Mama Sungura. Nimejaribu, nikaona nikianza na wewe nitaishia kwangu.

Breki


Maabara
6 Septemba

Dada,

Barua ya shemeji imefika. Hii naituma kwa jina lako.

Mkuu wa maabara amesimamisha kazi zote zilizofanywa na ile seramu. Vipande vyote vilivyopimwa kabla ya Mei vinapimwa upya, na mimi ndiye ninayevipima. Wengi majibu yao yamebaki vilevile. Wengine yamegeuka. Kila jibu likigeuka naandika barua mbili, moja kwa daktari, moja kwa mgonjwa mwenyewe. Ya mgonjwa naandika kwanza maana, halafu jibu. Mkuu alisema si utaratibu. Nikamwambia najua.

Yule sungura wa kwanza alikufa Julai, kwa uzee. Seramu yake iliyobaki ni kidogo, na ikiisha hakuna nyingine iliyo sawa nayo, kwa sababu kila sungura ana kundi lake. Nilitegemea ningesikitika. Nilimfunga kwenye mfuko, nikaandika tarehe.

Umeandika kwamba labda utanichukia baadaye. Ukifika wakati huo niandikie tu. Nitaisoma.

Mdogo wako


Nyumbani
9 Novemba

Mdogo wangu,

Nimepigwa picha nyingine wiki iliyopita. Tulikaa ofisini kwa daktari, yeye akazipandisha picha mbili kwenye taa, ya Juni na ya sasa. Akasema, "Habari nzuri." Nikamwambia, "Nzuri kwa vipi? Eleza." Akashangaa. Mume wangu akasema, "Daktari, eleza tu, hapa hatutoki." Akaeleza. Uvimbe umepungua mpaka karibu nusu. Haujaondoka. Ataendelea kunipa vidonge mpaka mwili useme basi, kisha tutaangalia. Nikamuuliza nina muda gani. Akasema hajui, na nikaona kwamba hajui kweli, nikashukuru.

Mume wangu alicheka njiani. Ni mara ya kwanza tangu Juni. Mwanafunzi wake mmoja, yule wa taa nyekundu, alikuwa anavuka barabara, na alipoliona gari letu alirudi mbio upande aliotoka. Mimi sikucheka. Sikuwa na hasira, kicheko hakikuja tu. Siku hizi mambo yananifikia yakiwa yamechelewa, kama barua. Pengine hiki nacho kitafika.

Uliniambia nikuandikie nikifika kwenye chuki. Nimeitafuta. Nimekuta kwamba ninachokitaka kutoka kwako si barua. Wewe ni mtu wa kuandika neno moja na kujificha nyuma yake, ulikuwa hivyo tangu ukiwa mdogo, ulikuwa unaingiza vijikaratasi chini ya mlango wangu badala ya kubisha. Nilikuwa naona vinapendeza.

Omba ruhusa Desemba uje. Usijibu barua hii. Njoo ukae hapa mezani, mbele yangu, nami nitakuuliza ulijisikiaje ulipokuwa unanikata. Nataka nikuone mdomo ukifunguka.

Dada yako